Chai ya Thym Iliyoonjwa Mno

Mama yangu aliamini kwamba Mungu aliumba thym siku ile ya tatu, na kwamba siku zilizobaki alikuwa akitafuta tu mahali pa kuiweka. Kwetu Bunia aliiweka kila mahali. Ilikuwa kwenye maharagi, kwenye nyama ya mbuzi, kwenye mchuzi wa nyanya, na kwenye makayabo, yule samaki mkavu wa chumvi ambaye peke yake ana harufu ya kutosha nyumba mbili. Ilikuwa kwenye chai ya asubuhi na kwenye maji ya kuoga ya baba, kwa ajili ya magoti yake. Mtoto akijaa gesi tumboni, alipewa thym. Mtu mzima akipatwa na mafua alifunikwa blanketi juu ya sufuria ya maji ya moto yenye thym, na hakuruhusiwa kutoka humo mpaka aseme amepona. Wengi walipona haraka sana. Siku moja alikuja mfanyabiashara mwenzake aliyekimbiwa na mke, amejaa huzuni, nikamsikia mama akimweleza kipimo: kiganja kimoja, maji ya vikombe vitatu, asubuhi na jioni.

Kwa asiyeijua, ni mmea mfupi wenye vijiti vigumu na majani madogo kuliko punje ya mchele. Unapenda baridi, haupendi kubembelezwa, na harufu yake ikiingia kwenye nguo imehamia. Mama aliutoa milimani, upande wa Butembo, wazazi wangu walipohamia Bunia kufanya biashara nami nikiwa bado wa kubebwa. Watu wengine walihama na vitanda. Yeye alihama na marobota mawili ya vitenge na kopo la maziwa ya unga lililojaa udongo, na ndani ya udongo huo vijiti vitano. Alipenda kusimulia kwamba safari nzima hadi Komanda alilishika kopo kwa mikono miwili, mimi akanifunga mgongoni na kunisahau, kwa sababu mtoto akianguka analia lakini mmea ukianguka hausemi. Nilisikia hadithi hiyo mara nyingi, na kila mara nilingoja aongeze kwamba anatania. Hakuongeza.

Ng'ambo ya avenyu, barabara ya mtaa wetu, mlango ukitazamana na wetu, aliishi mama mmoja wa familia za hapahapa Ituri, watu wa ng'ombe tangu mababu. Yeye na mama walikuwa marafiki wa kuingia jikoni kwa mwenzake bila kupiga hodi. Mama alimkatia kijiti kimoja cha thym, naye akakipanda nyuma ya jiko lake. Kikastawi kuliko chetu. Mama aliieleza baraka hiyo kwa mbolea ya ng'ombe, wala si kwa mkono wa mwenzake, na alilieleza jambo hilo hata kwa watu ambao hawakuuliza. Halafu walibishana miaka mingi juu ya chai. Mama alichemsha thym na kutia limau na asali. Jirani alisema limau inakata nguvu ya majani. Yeye alitia kijiko cha siagi ya ng'ombe, macho ya mafuta yakaelea juu. Mama aliiangalia chai ile na kusema hiyo ni supu, kisha akanywa vikombe viwili na kuomba cha tatu ili awe na hakika.

Kisha vita vilikuja. Sitavieleza. Vimeelezwa na wengi, na waliovieleza vizuri zaidi hawakuwepo. Sisi tulishika njia ya Komanda tukaenda kujibanza Mambasa, msituni, na familia ya jirani ilikimbilia ilikokimbilia. Tuliporudi, kila upande, wa kwao na wa kwetu, ulikuwa na wafu wake, na kila upande ulijua, au ulidhani unajua, nani wa upande wa pili alifanya nini. Nyumba yetu ilikuwa imesimama, ila milango na sufuria vilikuwa vimeondoka. Pale palipokuwa na thym yetu mtu alikuwa amewasha moto wa kupikia, si siku moja, udongo ulikuwa umeungua mpaka ukawa mwekundu. Kwa jirani kichaka kilikuwepo bado, kimetanda nyuma ya jiko, kinaonekana kutoka barabarani.

Mama alikiona siku ya kwanza. Hakwenda kuomba kijiti. Alikuwa akinunua thym kavu sokoni, ile inayokuja na malori ikiwa imekusanya vumbi la njia nzima, na alimwambia kila mtu kwamba kavu ni nzuri kuliko mbichi. Tangu kuzaliwa kwangu alikuwa akisema kinyume chake.

Sasa tulikuwa kwenye amani, na amani ilionekana kwa kusalimiana. Sijawahi kuona watu wakisalimiana namna ile. Mama na jirani walisalimiana asubuhi, mchana na jioni, kila mmoja akiwa upande wake wa avenyu, wakiulizana habari za nyumba, za watoto, za magoti ya baba na za ng'ombe. Hakuna aliyevuka. Hakuna aliyekula wala kunywa cha mwenzake. Mimi nilimpenda yule mama; ndiye aliyenifundisha kukamua ng'ombe nikiwa mdogo, na ndiye aliyekuwa akinificha nilipovunja vyombo. Kila jioni nilipowasikia wakisalimiana kwa mbali kama watu wawili wa ofisi, roho iliniuma.

Hapa lazima nieleze habari ya kuonja. Miaka ile hakuna mtu Bunia aliyekufa kwa malaria. Wote walikuwa wamelishwa sumu. Mzee wa miaka themanini alikuwa amelishwa sumu, mlevi aliyeanguka mtaroni alikuwa amelishwa sumu, na familia ilijua jina la aliyemlisha kabla maiti haijaoshwa. Basi yeyote aliyekupa kitu cha kuingia mdomoni alionja kwanza mbele yako. Soda ilifunguliwa machoni pako na kizibo ukaonyeshwa. Kwenye harusi mwenye nyumba alichota kijiko cha kwanza kutoka kila sufuria, na nilimjua mwenye nyumba mmoja aliyenenepa msimu wa harusi. Tulizoea hata ndani ya nyumba: mama aliyepika alimwonjea baba, baba akasema si lazima, kisha akangoja aone kama amemeza.

Lakini kuonja kulikuwa na kiasi chake. Kuonja mara moja ilikuwa adabu. Kumwomba mtu aonje mara ya pili ilikuwa ni kumfungulia mashtaka.

Mimi wakati huo nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nilifundisha darasa la pili, na nilikuwa na sauti. Siyo majivuno, ilisemwa kanisani. Kwaya ya parokia ilikuwa imeundwa upya ili iwe na watu wa pande zote, tukapangwa kwa kuchanganywa kama kadi za karata, na wageni wakubwa walikuwa wanakuja Jumapili kuangalia kama amani imefika. Walihitaji kuonyeshwa kitu, na kitu chenyewe kilikuwa sisi. Nilipewa ubeti wa kuimba peke yangu, ambamo neno moja tu, amani, lilivutwa kwa pumzi tatu. Mwalimu wa kwaya alikuwa ameurefusha mwenyewe. Alisema amani fupi haitawagusa wageni.

Jumatatu ya juma lile niliamka bila sauti. Nilifungua kinywa mbele ya watoto wa darasa la pili na ukatoka upepo mtupu. Walifurahi sana. Niseme mapema ili usisubiri: Jumapili hiyo sikuimba. Aliimba mwenzangu wa safu ya nyuma, amani yake ikaishia pumzi mbili, na wageni waliondoka wameridhika kabisa. Sikuumia. Ya Alhamisi yalikuwa yamenitoa huko.

Tuanze na Jumatatu. Mama alinipeleka kituo cha afya. Muuguzi, mzee aliyekuwa amesikia yote mjini na hakuna kilichomshangaza tena, alinimulika kooni kwa tochi.

"Usiseme siku saba," aliniambia. "Ata kunong'ona, apana."

"Na dawa?" mama akauliza.

"Mama, dawa njo hiyo. Anyamaze."

Mama alimtazama kama mtu aliyeuziwa chupa tupu. Njiani alisema kwamba serikali imewasomesha watu hawa bure, na tulipofika nyumbani maji yalikuwa tayari yanachemka.

Kunyamaza kwenyewe hakukuwezekana. Kwetu mgonjwa hutembelewa, na anayetembelewa hujibu. Walikuja mama wa sala, walimu wenzangu, jirani wa kulia na wa kushoto, na kila mmoja aliketi, akanitazama kwa huruma na kuuliza, "Unajisikia je?" Nilinyoosha kidole kooni. Walisubiri. Nilitikisa kichwa. Walisubiri tena, na baadhi walitoka wakisema binti huyu, tangu apewe ubeti wake, hajibu watu. Jumanne asubuhi nilishindwa nikanong'ona "vizuri, asante" mara nyingi kuliko ambavyo ningesema nikiwa mzima.

Jumanne hiyohiyo ilikuja kamati ya amani ya avenyu. Kamati hii ilikuwa imefundishwa siku mbili na shirika moja, na ilirudi na kofia za aina moja, pamoja na mazoea ya kuandika mambo kwenye ubao. Rais wake alikuwa fundi wa redio. Waliketi sebuleni kwetu kwa muda mrefu kuliko walivyoketi kwa ajili ya kisima.

"Koo ya huyu binti," alisema rais, "iko ya batu bote. Akiponeshwa na upande moja, upande ya pili itasema nini?"

Hilo lilikuwa swali zito. Watu wa upande wa juu wa avenyu walikuwa wameshaleta thym, na wa upande wa chini walikuwa wameleta thym pia, na kila upande ulisema ya kwake ndiyo yenye nguvu, ingawa zote zilitoka kwa mwuzaji mmoja wa sokoni. Iliamuliwa hivi: chai ya asubuhi itatoka juu, chai ya mchana itatoka chini. Atakayeleta ataonja. Baada yake ataonja mwonjaji wa kamati. Baada ya mwonjaji ataonja shahidi kutoka upande mwingine. Mama alisikiliza yote kwa heshima, kisha akasema na yeye ataonja, kwa kuwa ndiye aliyenizaa. Hilo halikupingwa.

Mwonjaji wa kamati alikuwa mzee mmoja mwenye kikohozi chake cha tangu kiangazi. Alifanya kazi kwa moyo. Kikombe kilifika kimejaa, kinatoa mvuke, harufu inapendeza mpaka koo langu linajifungua lenyewe kwa tamaa. Aliyeleta alimeza fundo lake. Mzee alipokea, akafumba macho, na kumeza mafundo mawili makubwa, kwa maelezo kwamba sumu nyingine inakaa chini na kuonja juujuu si kuonja. Shahidi hakukubali kushindwa na mzee. Mama alionja wa mwisho. Mimi nilipewa kikombe chenye majani mawili na tone lililobaki kwenye pembe, na wote wanne wakaniinamia wakisubiri niimbe.

Kufikia Jumatano jioni kikohozi cha mzee kilikuwa kimekwisha. Shahidi alisema analala vizuri. Rais wa kamati alitangaza kwamba kuna maendeleo, na kwa haki, kulikuwa nayo.

Alhamisi mchana kamati ilikwenda kukutana na kamati nyingine, na kwa mara ya kwanza nyumba ilikuwa kimya. Baba alikuwa sokoni. Mama alikuwa anachambua maharagi mlangoni, mimi nimeketi nyuma yake. Nikasikia hodi ya sauti niliyoijua. Jirani wa ng'ambo alikuwa amesimama ndani ya uwanja wetu, ambamo hakuwa amekanyaga tangu vita, ameshika kikombe kilichofunikwa kisahani. Alikuwa amevaa kitenge cha kutokea. Kuvuka avenyu ya hatua kumi na tano alikuwa amevaa kama anakwenda misa.

"Karibu," mama alisema. Hakuinuka, wala hakusogeza kiti.

"Nilisikia mutoto amepoteza sauti," jirani alisema. "Nilimuletea kidogo. Ile ya siagi, alikuwaka anaipenda."

Ni kweli nilikuwa naipenda. Alifunua kikombe, na harufu ya thym mbichi, ile isiyopanda lori, ikaingia nyumbani kwetu. Nilimwona mama akiisikia. Pua yake ilimsaliti kidogo, kisha akaishika.

Jirani alionja fundo moja, vizuri, mbele ya macho yetu, akameza na kungoja kidogo kama inavyotakiwa. Kisha akaninyooshea kikombe.

"Onja tena," mama alisema.

Mkono wa jirani ulisimama hewani. Nafikiri alitaka kuamini hakusikia vizuri. Alikirudisha kikombe mdomoni akaonja tena.

"Tena kidogo," mama alisema, macho kwenye maharagi. "Ile ya chini, yenye majani."

Jirani alimtazama mama kwa muda. Halafu alikunywa. Alikunywa chai yote, ya moto, polepole, bila kukitoa kikombe mdomoni, na majani yaliyobaki chini akayatafuna, akameza. Alikigeuza kikombe juu chini ili mama aone kwamba hakuna kilichobaki.

"Sasa iko bien?" aliuliza, akatoka.

Nilifungua kinywa. Nilitaka kumwambia jirani, Mama, rudi. Nilitaka kusema, mimi ningekunywa. Ukatoka upepo uleule wa darasani, na mgongo wake ukapita getini. Siku nne watu walikuwa wameilia sauti yangu kwa sababu ya wageni wa Jumapili, na mimi mwenyewe niliitaka mara moja tu, pale, kwa maneno mawili. Nilimtazama mama akichambua maharagi. Alikuwa anatupa yaliyo mazima na kuweka mabovu. Nilimkasirikia kiasi ambacho sijawahi kumkasirikia mtu, na niliona haya kwa ajili yake, na haya ile ilikuwa mbaya kuliko hasira.

Nikainuka, nikamruka yeye na ungo wake, nikavuka avenyu.

Nilimkuta jirani jikoni, ameketi kwenye kigoda, sufuria ya chai bado iko kwenye mbabula, jiko la makaa. Alikuwa hafanyi lolote. Nilichukua upawa ukutani nikauchovya kwenye sufuria.

"Ngoja, nionje," alisema, akiinuka haraka.

Nilimgeuzia bega nikanywa. Nitasema ukweli, kwa kuwa watu husimulia mambo kama haya wakijifanya mashujaa: niliogopa. Fundo la kwanza niliufuatilia mwendo wake mpaka tumboni na nikasikiliza. Nilikuwa nimekulia na yule mama, na bado nilisikiliza. Fundo la pili lilikuwa la aibu ya kusikiliza. La tatu lilikuwa chai tu, kali, ya siagi, nzuri.

"Iko moto, mutoto yangu, utajiunguza," alisema, akageukia ukuta na kujifuta uso kwa ncha ya kitenge.

Nilirudi nyumbani. Mama alikuwa amesimama mlangoni, ungo umeanguka.

"Ulikunywa?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Nani alionja?"

Nikatikisa kichwa. Hakuna.

Mama alishika kichwa chake kwa mikono miwili. Kwetu kila mtu anajua dawa ya sumu: ni maziwa, mengi, kabla haijafika kwenye damu. Lakini ilikuwa saa kumi za jioni, na maziwa ya asubuhi yalikuwa yamekwisha kila nyumba. Nilimwona akiwapitia majirani wote kwa kidole, wa juu mpaka chini, midomo ikitembea. Kidole kikafika mwisho wa avenyu kikarudi. Nyumba yenye maziwa saa hiyo ilikuwa moja, kwa sababu nyumba yenye ng'ombe ilikuwa moja.

Alitoka mpaka getini akarudi. Alinishika paji la uso. Alitoka tena, akarudi tena, akanitazama macho kwa karibu, akifungua kope zangu kwa vidole. Kisha alikimbia. Mama yangu alikuwa mnene na alikuwa hajakimbia tangu Mambasa. Aliacha ndapala moja, kandambili yake, katikati ya avenyu, na mpaka kwetu ndani nilimsikia:

"Mama, minakuomba maziba. Mutoto anakufa."

Hakusema anakufa kwa nini. Jirani hakuuliza. Alitokea na bidoni zima, dumu la maziwa, yeye mbele anakimbia, mama nyuma anakimbia, wakaingia sebuleni kwetu bila hodi. Mimi nilikuwa nimesimama. Wakanilaza. Jirani alinishika kichwa, mama akamimina, kikombe cha kwanza, cha pili, cha tatu, maziwa yakaniingia puani na shingoni. Hakuna aliyeonja. Hawakuwa na nafasi.

Bidoni lilipofika nusu waliacha, wakaketi kwenye mkeka, mmoja kila upande wangu, kungoja nife au nisife. Tumbo langu lilikuwa limevimba kama ngoma. Zaidi ya hapo nilikuwa mzima kabisa, mzima kuliko wao. Jasho lilikuwa linawatiririka wote wawili. Ningetikisa kichwa tu, ningetabasamu, ningeinuka nikaokota ungo, wangeelewa. Nikafumba macho.

Nilisikia pumzi zao, za mama fupi na za jirani ndefu.

"Kama iko ile chai," jirani alisema mwishoni, "basi njo miye nimemuua."

"Usiseme vile."

"Miye nilipika mwenyewe. Hakuna mutu alisogelea sufuria."

"Nimesema usiseme vile." Nilimsikia mama akijaribu kuzuia swali, na nilimjua, nilijua hataweza. "Uliweka ngapi?"

"Kiganja moja. Kwa kopo tatu."

"Kiganja moja ya mbichi iko mingi. Mbichi iko na nguvu."

"Njo weye ulinifundisha kiganja moja."

"Miye nilisema kiganja yangu. Ya kwako iko mukubwa."

"Apana. Inapita ya kwako kwa nini?"

"Inapita. Njo maana chai yako ilikuwaka kali, tangu zamani. Nilikunywaka tu juu ya heshima."

"Vikombe tatu ya heshima?"

Kitu kilipita juu ya tumbo langu, nikasikia kivuli chake kwenye kope.

"Lete," mama alisema. "Lete mukono, tuone."

Nilifungua jicho moja, kidogo. Juu yangu walikuwa wameweka kiganja kwa kiganja, kisigino cha mkono kwa kisigino, kidole kwa kidole, wakipima. Mkono wa mama ulikuwa na vumbi la maharagi, wa jirani ulikuwa umelowa maziwa. Vidole vya jirani vilizidi kwa upana wa ukucha.

"Unaona?" mama alisema, lakini mkono hakuushusha. Jirani naye hakuushusha wa kwake. Nikafumba jicho haraka, wasije wakaona kwamba nimepona.